Chupa ya chai ya bibi, fundi friji wa Musoma na kompyuta za kwantamu

Najua nimekuwa kimya mno. Nilikuwa nyumbani Mara, wiki mbili nzima: Bunda siku tatu, Musoma siku nne, zilizobaki Butiama kwa bibi. Nimerudi Dar na samaki wa kukaushwa, vumbi kwenye viatu, na deni. Leo nataka kulipa hilo deni.

Lilivyoanza ni hivi. Binti wa baba mdogo amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa fizikia, kemia na hesabu. Kafaulu vizuri. Sasa anataka kwenda chuo kikuu kusoma fizikia tupu. Si uhandisi, si uhasibu. Fizikia. Basi ukaitishwa mkutano wa ukoo pale uwanjani, wazee kwenye viti, sisi wengine kwenye mikeka. Binti akaulizwa anataka kuwa nani. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba anataka kufanya kazi kwenye kompyuta za kwantamu, hasa zile zinazotumia ioni.

Baba mkubwa akakohoa, akauliza: "Hiyo kitu inaliwa?"

Watu wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Halafu macho yote yakanigeukia mimi. "Haya mura, wewe si ndiye mwandishi wa habari? Tueleze."

Jamani, nilieleza. Nilieleza kwa dakika kumi, nikataja Marekani, nikataja mabilioni ya dola, nikasema ni mambo magumu sana, ya kitaalamu sana. Nilisikilizwa kama anavyosikilizwa mgeni rasmi jua likiwa utosini. Mkutano ukaahirishwa, wakasema tutakutana tena kabla dirisha la maombi ya chuo halijafungwa. Usiku, tukiota moto, yule binti akaniambia bila hasira: "Kaka, mbona umewaambia ni ngumu? Ungewaambia ni chupa tu."

Chupa tu! Sikulala vizuri. Kwa sababu nilipoanza kufuatilia nikagundua alikuwa sahihi kuliko mimi na dakika zangu kumi.

Tuanze na chupa ya bibi

Nikiwa darasa la pili nilivunja chupa ya chai ya bibi. Anayejua nyumba za Butiama za wakati ule anajua uzito wa kosa hilo. Chupa ya chai ilikaa kabatini, ilitoka mgeni akija. Niliiangusha, ndani pakalia kama mvua ya vioo. Nakumbuka vipande vyake vilivyong'aa kama kioo cha kujitazamia. Nakumbuka pia kitu kimoja ambacho sikukielewa: chini kabisa ya ile chupa ya ndani palikuwa na kichuchu kidogo cha kioo, chenye ncha.

Kile kichuchu ndicho hadithi nzima. Chupa ya chai ni chupa mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati yao hakuna kitu. Nikisema hakuna kitu nina maana hata hewa imetolewa. Hewa ilifyonzwa kupitia mrija mdogo, kisha mrija ukachomwa moto hadi kioo kikayeyuka na kujifunga. Kichuchu ni kovu la pale palipofungwa. Kwa kuwa katikati hakuna hewa ya kubeba joto, na kioo kimepakwa rangi ya fedha ili kurudisha mnururisho, chai inabaki moto mpaka jioni. Uwazi usio na hewa Waswahili wa maabara wanauita ombwe.

Aliyebuni chupa hiyo mwaka 1892 ni Mskoti, James Dewar. Wala hakuwa na shida ya chai. Alikuwa London akishughulika na gesi zilizopozwa hadi kuwa kimiminika, na alitaka chombo ambacho hakitaruhusu joto la chumba liingie. Hakuchukua hataza. Mafundi wa vioo wa Ujerumani, akiwamo Reinhold Burger, wakaiona inafaa kuuzwa majumbani, na mwaka 1904 wakaanzisha kampuni iitwayo Thermos. Dewar akaenda mahakamani, akashindwa. Somo hilo peke yake lingetosha mada ya siku nyingine.

Sasa sikilizeni hili. Dewar alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh. Na nani mwingine alisoma Edinburgh? Mtoto wa Butiama mwenyewe, Mwalimu Julius Nyerere, kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Hawakukutana, Dewar alifariki mwaka 1923, Mwalimu akiwa bado anatambaa. Lakini nilipokuwa naikumbuka ile chupa ya bibi, nikiwa kilometa chache kutoka kaburi la Mwalimu, nilifurahi kujua kwamba njia ya kutoka Butiama kwenda kwenye ombwe ilishapita mlango ule ule.

Zebaki, farasi na taa

Dewar hakuwa wa kwanza. Mwaka 1643 kule Italia, Evangelista Torricelli alijaza zebaki kwenye mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja, akaugeuza ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ikashuka kidogo, ikasimama kama kwenye sentimeta 76, juu yake pakabaki patupu. Kinachoishikilia ile zebaki isimwagike yote ni uzito wa hewa inayokandamiza bakuli.

Musoma iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu yetu ni pungufu. Torricelli angefanya jaribio lake pale ufukweni, zebaki ingesimama karibu sentimeta 66 tu. Na zebaki yenyewe hatuna ugeni nayo. Nendeni Buhemba, ndani ya wilaya ya Butiama, machimbo ya tangu ukoloni. Wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu, kisha huichoma moto ipae, na wanaovuta mvuke wake wanavuta sumu. Kumbe kitu kile kile kinachowaua taratibu vijana wetu ndicho kilichomwonyesha Torricelli ombwe. Nitairudia zebaki hapo chini, msiisahau.

Miaka ya 1650 Mjerumani Otto von Guericke akaunganisha mabakuli mawili makubwa ya shaba, akafyonza hewa kwa pampu aliyoibuni mwenyewe, akafunga farasi wanane kila upande. Wakavuta, wakashindwa kuyatenganisha. Hakukuwa na gundi. Ni hewa ya nje iliyokuwa inabana. Hapo watu wakaelewa jambo la pili kuhusu ombwe: kulitengeneza ni kazi, ila kulilinda ni vita. Dunia nzima inasukuma ili iingie.

Vita hiyo ikahamia kwenye taa. Balbu za kina Edison, kuanzia mwaka 1879, ziliungua haraka hewa ikibaki ndani. Miaka ya 1890 Mwitaliano Arturo Malignani akagundua ujanja: weka fosforasi kidogo ndani ya balbu, ukiishaifunga iwashe, mvuke wa fosforasi utakamata mabaki ya gesi. Yaani pampu inafanya kazi ya mwanzo, kisha unaacha mfagiaji ndani ya nyumba iliyofungwa.

Wazee wetu walimwona huyo mfagiaji bila kujua. Mnakumbuka redio kubwa za valvu, zile zilizochukua dakika nzima kupata moto? Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, redio zilikuwa za aina hiyo. Ukitazama valvu juu kwenye kioo unaona doa linalong'aa kama fedha. Mara nyingi doa hilo ni bariamu, metali yenye uchu wa gesi. Ilipakwa pale ili ifyonze kila punje ya hewa iliyobaki au iliyojipenyeza. Doa likigeuka jeupe ujue hewa imeingia, valvu imekufa.

Bariamu nayo muikumbuke.

Fundi friji

Musoma nilikwenda kumwona rafiki yangu tuliyesoma wote shule ya msingi. Sasa ni fundi friji. Mji wa samaki ule, barafu na friji ni maisha ya watu. Nikamkuta anatengeneza friza la mama muuza sato. Nilikaa kwenye ndoo nikitazama.

Kwanza aliziba tundu lililokuwa linavujisha gesi, kwa kuchomelea. Akasukuma gesi kavu ndani, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kuona kama pana pumzi inatoka. Halafu akafunga kipampu chake na geji, akawasha. Nikamwuliza mbona hajazi gesi mpya akamaliza? Akanitazama kama mtu aliyetoka Dar (jambo ambalo ni kweli).

"Lazima nivute hewa yote kwanza. Adui si hewa tu, adui ni unyevu. Maji yakibaki ndani yanaganda kwenye mrija mwembamba, friji linaziba. Na ukikosa subira, utarudi hapa hapa wiki ijayo, mteja anakutukana."

Aliacha pampu inguruma karibu saa nzima. Kisha akaizima, akaacha geji, tukaenda kunywa chai. Alitaka kuona kama sindano itapanda. Ikipanda, kuna mahali panavuja, au kuna maji yanageuka mvuke. Haikupanda. Ndipo akajaza.

Wandugu, nilikuwa nimetazama, bila kujua, hatua karibu zote za utengenezaji wa kasha la kompyuta ya ioni. Kinachotofautiana ni kiwango. Na kiwango ndicho kinachotisha.

Sasa ioni

Ioni ni atomi iliyopoteza au kuongezewa elektroni, kwa hiyo ina chaji, kwa hiyo umeme unaweza kuisukuma. Tatizo ni kwamba kwa umeme uliotulia tu huwezi kuikamata ikasimama hewani. Ukiizuia huku inatorokea kule. Wolfgang Paul, Mjerumani wa Chuo Kikuu cha Bonn, alitatua tatizo hilo miaka ya 1950 kwa umeme unaobadilika mamilioni ya mara kwa sekunde. Mtazame mama anayepandisha ndoo ya maji kichwani kutoka ziwani bila kuishika. Shingo yake haitulii hata kidogo, inarekebisha muda wote, ndiyo maana ndoo haianguki. Mtego wa Paul ni shingo ya namna hiyo. Mwaka 1989 yeye na Hans Dehmelt waligawana Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Norman Ramsey.

Mwaka 1980, Heidelberg, Ujerumani, Dehmelt, Peter Toschek na wenzao wakapiga picha ya ioni moja peke yake iliyonaswa. Ya kitu gani? Bariamu. Mfagiaji wa valvu!

Mwaka 1995 wananadharia Ignacio Cirac na Peter Zoller wakaonyesha kwamba ioni zilizopangwa mstari zinaweza kufanya hesabu za kwantamu zikiamrishwa kwa leza. Mwaka huo huo maabara ya viwango ya Marekani kule Boulder, Colorado, ikiwa na David Wineland na Chris Monroe, ikatekeleza hatua ya msingi ya hesabu hiyo kwa ioni moja ya beriliamu. Wineland akapata Nobel mwaka 2012. Mwaka 2025 kampuni ya Quantinuum ikazindua mashine yenye ioni 98. Za nini tena? Za bariamu. Zamani bariamu ilikuwa mfagiaji wa nyumba, leo ndiyo mwenye nyumba.

Lakini ioni hizo zinaogopa mgeni. Molekuli moja ya hewa ikiigonga ioni, inaweza kuitoa kwenye mstari, kuivurugia hali yake, au kuibadilisha kemikali. Hesabu imekwisha. Kwa hiyo kasha linatakiwa liwe na msukumo wa hewa wa takriban sehemu moja ya trilioni 100 ya hewa tunayovuta. Na hata hapo si patupu kabisa: nilipiga hesabu, zinabaki molekuli kama laki mbili na nusu katika kila sentimeta moja ya ujazo. Chupa ya bibi haifiki huko hata kwa ndoto.

Unafikaje? Kama fundi wangu, ila kwa wendawazimu. Chemba inatengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Viungo havifungwi kwa mpira, maana mpira unapumua. Kati ya vyuma viwili huwekwa pete ya shaba, na makali ya chuma yanaikata shaba mpaka ijae kila mwanya. Kisha pampu inavuta huku chemba nzima inaokwa, mara nyingi kwenye nyuzi kama 200 za Selsiasi, siku kadhaa, hata wiki. Kisa? Unyevu. Maji yaliyonata kwenye kuta yanajiachia polepole, na usipoyafukuza kwa moto yatakusumbua miezi. Adui yule yule wa friza la mama muuza sato.

Ndani mwake, tangu mwaka 2006 hivi, mitego mingi si vyuma vikubwa tena, ni chipu bapa kama za simu, zikiwa zimegandishwa kwenye kibao cha kauri. Gundi ya kawaida hairuhusiwi kwa sababu inatoa gesi. Elektrodi nyingi hupakwa dhahabu, na nyaya za kuunganishia, nyembamba kuliko unywele, mara nyingi ni dhahabu pia. Dhahabu haitembei na cheti cha kuzaliwa, siwezi kusema ile ni ya Buhemba au ya Tarime. Ila sisi wa Mara tuna haki ya kujiuliza.

Kazi kubwa sasa ni kulipunguza hilo kasha. Maabara za mwanzo zilikuwa na meza iliyojaa mabomba na pampu. Wanachotaka ni kitu kidogo, kilichofungwa kiwandani mara moja, chenye mfagiaji wake ndani. Yaani valvu! Na imeshafanyika kwa ndugu wa kompyuta hizo, saa ya atomiki. Juni 2019 NASA ilirusha angani saa inayotumia ioni zilizonaswa ndani ya mrija wa ombwe uliofungwa kabisa, wenye mfagiaji ndani badala ya pampu kubwa. Ilifanya kazi hadi mwaka 2021. Ioni zake zilikuwa za nini? Zebaki. Ile ile.

Kilichoniuma Bunda

Bunda nilipitia shule moja ya sekondari, siitaji jina, mwalimu wa fizikia ni jamaa yetu. Kwenye kabati la maabara kuna kengele ndani ya chupa kubwa ya kioo, kifaa cha kuonyesha kwamba sauti haipiti kwenye ombwe. Kizuri kabisa. Pampu yake iliharibika zamani. "Nawachorea ubaoni," akasema. Wanafunzi wanakariri kwamba kengele itanyamaza. Hawajawahi kuisikia ikinyamaza.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikapitisha Azimio la Musoma, kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na kwamba elimu iwe pamoja na kazi. Watu wanalikumbuka kwa idadi ya watoto. Mimi nimebaki na hilo la kazi. Historia niliyowasimulia hapa nusu yake ni ya maprofesa, nusu ni ya mafundi: wapuliza vioo, wachomeleaji, watu wanaojua mahali panapovuja. Musoma ina fundi anayejua kuvuta ombwe, Bunda ina kengele isiyo na pampu, na mji na mji ni mwendo wa basi tu. Hakuna aliyewahi kuwakutanisha. Hata mimi niliyepita kote kuwili nilikuwa nimeshapanda basi la kurudi Dar ndipo nikashtuka.

Nimempigia simu fundi wangu. Kasema kipampu chake cha zamani kipo, kinavuta vizuri, mwalimu aje na ile chupa waone kama kiungo kitakaa. Mwalimu kasema Jumamosi.

Na haya yote nimeyachapa, nimemtumia baba mdogo ayasome mbele ya wazee watakapokaa tena. Kazi ya fizikia hiyo ipo Tanzania leo? Sitawadanganya, kwa ioni haipo. Akienda huko atasoma muda mrefu, pengine mbali, na karo haitatoka mbinguni. Baba mdogo ana ng'ombe sita tu. Hofu yake naielewa, na wala si ujinga.

Jibu langu kwa baba mkubwa: hapana, hailiwi. Ila chai uliyokunywa siku ile, iliyochemshwa alfajiri ikawa bado moto saa saba mchana, ilitoka ndani ya kitu hicho hicho. Binti wako anataka kujifunza kukitengeneza vizuri zaidi.

Wenzangu mliosoma sayansi, mliowahi kukaa kwenye mkutano kama huo, mlisemaje hadi wazee wakakubali? Niambieni, maana wanakaa tena baada ya wiki tatu na nimeshaambiwa nirudi. Safari hii nitakwenda na chupa mpya ya chai. Ile nyingine bado nadaiwa.